Maji, Upepo, Moto na Ardhi: Jinsi ya Kuchota Insha Kutoka kwa Maumbile

Karatasi ya kwanza ya Kiswahili katika mtihani wa KCSE (102/1) humpa mtahiniwa saa 1 na dakika 45 kuandika insha mbili. Ya kwanza ni ya lazima, nayo huwa ya kiuamilifu: barua, hotuba, ripoti, mahojiano na nyinginezo. Ya pili utaichagua mwenyewe kati ya tatu. Mara nyingi miongoni mwa hizo tatu huwamo methali, na pia insha ya mdokezo, yaani ile inayokutaka uanze au umalize kwa maneno uliyopewa. Kila insha hutuzwa alama 20 na haifai kupungua maneno 400.

Insha hii ya pili ndiyo inayowatatiza wengi. Si kwamba hawajui Kiswahili. Wanajua, ila wanaamini kwamba lugha tamu ni ya watu wengine, wa mahali pengine. Ndiyo maana mtahiniwa wa Lodwar hufungua insha yake kwa bustani ya maua na nyasi zenye umande, mambo ambayo hayaoni akifungua mlango wa bweni. Wa Lamu naye huiacha bahari iliyo hatua chache kutoka darasani, akaandika kuhusu theluji. Wa Nairobi huazima kijito kinachotiririka maji maangavu, ilhali mto anaouvuka kila siku una rangi ya lami na harufu yake.

Sura hii inashikilia jambo moja: mahali unapoishi ni ghala la lugha, na hakuna mtahini anayelijua ghala hilo kukuzidi wewe. Tutalifungua kwa funguo nne: maji, upepo, moto na ardhi.

1. KAZI TATU ZA MAUMBILE KATIKA INSHA

Maumbile si pambo la kubandika kwenye aya ya kwanza kisha likasahaulika. Katika insha iliyokomaa, hufanya angalau kazi moja kati ya hizi tatu.

(a) Kusababisha tukio. Mto unafurika, daraja linasombwa, mhusika anachelewa kufika hospitalini. Ukiondoa mto, hakuna kisa.

(b) Kuakisi hali ya mhusika. Binti anayesubiri matokeo ya mtihani anatazama mawingu yaliyotanda tangu asubuhi bila kudondosha hata tone. Hujasema kwamba ana wasiwasi, lakini msomaji ameuhisi.

(c) Kubeba maana. Kisima kilichokauka kinaweza kuwa taashira ya ukoo uliokosa umoja. Waandishi wetu hutumia mbinu hii hata katika anwani za vitabu. Mohamed Suleiman Mohamed aliiita riwaya yake Kiu, na Said Ahmed Mohamed akaiita yake Dunia Mti Mkavu. Neno moja la maumbile linaweza kubeba uzito wa kitabu kizima.

KIPIMO: Ukishaandika sentensi kuhusu jua, mvua au upepo, ifute kwa mawazo. Je, kisa kimepungukiwa na kitu? Ikiwa hakijapungukiwa, sentensi hiyo haikuwa na kazi. Iandike upya au iache.

2. FUNGUO NNE

2.1 Maji

Maji yana nyuso mbili: yakizidi na yakikosekana. Kenya inazijua zote. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilileta mafuriko, zikasomba madaraja na kukata barabara. Kwa upande wa pili, kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, misimu mitano mfululizo ya mvua haikufaulu katika maeneo kame, na wafugaji wengi wakapoteza mifugo. Anayeishi karibu na Mto Nzoia kule Budalang'i na anayeishi Mandera hawawezi kuliandika neno "mvua" kwa moyo mmoja. Wa kwanza akisikia ngurumo usiku huamka kuangalia kama maji yamefika mlangoni. Wa pili huamka kutoa ndoo nje. Ukweli huo pekee unatosha kuzaa insha.

Yajue majira. Masika ni mvua za Machi hadi Mei. Vuli ni za Oktoba hadi Desemba. Kipupwe ni kipindi cha baridi, takriban Juni hadi Agosti. Ukiandika kwamba mkulima alikuwa akipanda mahindi katika vumbi la Februari "huku masika yakimwagika", umejipinga mwenyewe.

Msamiati: manyunyu na rasharasha (mvua nyepesi), mvua ya mawe, ngurumo, radi, gharika, mkondo, mchirizi, kidimbwi, chemchemi, ukungu, umande. Kwa wakazi wa pwani: maji kujaa, maji kupwa, na bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kiasi wakati wa mwezi mchanga au mwezi mpevu.

Methali: Dalili ya mvua ni mawingu. Maji yakimwagika hayazoleki. Maji ya kifuu ni bahari ya chungu (chungu hapa ni sisimizi: jambo dogo kwako huwa kubwa kwa mnyonge).

2.2 Upepo

Upepo hauonekani, huonekana kupitia kile unachokigusa. Kwa hivyo usiseme tu kwamba ulivuma. Sema ulifanya nini: uliinua bati, ulipeperusha leso kambani, ulizima koroboi, ulileta harufu ya samaki kutoka ufuoni.

Pwani ya Afrika Mashariki ina pepo mbili kuu. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki, takriban Desemba hadi Machi. Kusi huvuma kutoka upande wa kusini, takriban Aprili hadi Septemba. Kwa karne nyingi majahazi ya Uarabuni na Bara Hindi yaliletwa huku na kaskazi na kurudishwa na kusi. Biashara, ndoa na maneno mengi ya lugha hii yalifuata pepo hizo. Hata leo, kusi inapochacha, bahari huchafuka na wavuvi wa vyombo vidogo hulazimika kukaa nchi kavu. Mtahiniwa wa Kipini au Vanga aliyewahi kumwona babake akikarabati nyavu wiki nzima bila kwenda baharini ana insha kuhusu subira, umaskini au tamaa bila kubuni chochote.

Bara nako kuna upepo wake. Katika nyanda za Kajiado na Marsabit, chamchela huinua vumbi likasimama kama nguzo inayotembea. Chamchela inaweza kuwa ishara ya uvumi kijijini: huanza kidogo, huokota kila taka njiani, kisha hutoweka na kuacha macho ya watu yamejaa mchanga.

Msamiati: upepo mwanana, dhoruba, tufani, chamchela, kuvuma, kupepea, kupeperusha, kutulia. Nahau: kupunga upepo (kupumzika mahali penye hewa safi), kwenda arijojo (kupotea au kuharibikiwa, kama tiara iliyokatika uzi).

2.3 Moto na jua

Jua letu lina tabia ambazo vitabu vya kigeni havina. Ikweta inapita nchini mwetu, kwa hivyo mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima. Jua huchomoza na kutua karibu na saa kumi na mbili na nusu, na machweo ni mafupi: ukimtuma mtoto dukani kukiwa na mwanga, huenda akarudi gizani. Mwandishi mwerevu huutumia ufupi huo kuongeza taharuki. Mhusika aliyepotea msituni hapa kwetu hapewi jioni ndefu ya kutafuta njia.

Moto nao unajulikana katika kila nyumba, iwe ni wa kuni, wa makaa au wa stovu. Zamani moto wa jikoni haukuzimwa usiku. Makaa yalifunikwa kwa majivu, na asubuhi yakafukuliwa na kupulizwa hadi yakawaka. Kitendo hicho kidogo ni jazanda tayari: chuki iliyofichwa kifuani, kipaji kilichosahaulika, au penzi ambalo watu walidhani limekwisha.

Tahadhari: moto huua. Ukiandika kuhusu mkasa wa moto sokoni au bweni lililoteketea, usiurembe hadi msomaji asahau watu waliokuwamo ndani. Ndimi za moto zitajwe mara moja. Macho ya insha yabaki kwa binadamu.

Msamiati: mapambazuko, macheo, adhuhuri, alasiri, machweo, jua la utosi, cheche, kaa la moto, ndimi za moto, masizi, jivu.

Methali: Mchuma juani hulia kivulini. Moto huzaa jivu. Panapofuka moshi hapakosi moto.

2.4 Ardhi

Ardhi hubadilika ukitoka kaunti moja hadi nyingine. Miteremko ya Mlima Kenya ina udongo mwekundu unaotia rangi soksi za wanafunzi. Nyanda za Kano zina udongo mweusi unaonata wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Pwani kuna mchanga na mawe ya matumbawe. Turkana kuna changarawe inayochoma nyayo. Ukitaja udongo kwa rangi yake na tabia yake, msomaji anajua yuko wapi kabla hujataja jina la kijiji.

Katika Kiswahili, ardhi pia ni urithi, mgogoro, kaburi na chakula. Ndugu wawili wanaogombania kipande cha shamba wanapigania zaidi ya udongo: wanapigania mahali alipozikwa mama yao.

Msamiati: kichanga, mfinyanzi, tifutifu, tope, vumbi, ufa, korongo, bonde, kilele, tambarare, mmomonyoko, maporomoko ya ardhi. Tanakali: kuanguka mchangani tifu, kuanguka majini chubwi.

Methali: Mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Milima haikutani lakini binadamu hukutana.

3. MIFANO ILIYOCHAMBULIWA

3.1 Insha ya methali: Mchuma juani hulia kivulini

Mwanzo dhaifu:

"Ilikuwa siku ya Jumamosi. Jua lilikuwa likiangaza angani. Ndege walikuwa wakiimba nyimbo nzuri mitini na upepo mwanana ulikuwa ukivuma. Kila mtu alikuwa mwenye furaha. Mama aliamka mapema akaenda shambani."

Sarufi ni sahihi. Tatizo ni kwamba aya hii inaweza kubandikwa kwenye insha yoyote: ya arusi, ya wizi, hata ya mazishi. Mtahini amekwisha kuisoma katika karatasi nyingi kabla ya yako. Fanya kile kipimo: futa jua, ndege na upepo. Kisa hakijapoteza kitu.

Mwanzo ulioboreshwa:

"Shamba letu lina udongo mweusi. Mvua ikinyesha hung'ang'ania jembe. Jua likiwaka hupasuka nyufa za kuingiza kiganja. Mama aliulima katika hali zote mbili. Alitoka nyumbani umande ungali majanini, akaendelea hadi kivuli chake kikajikunja miguuni kama mbwa aliyechoka. Ukingoni mwa shamba ulikuwapo mwembe mkubwa. Chini yake, kaka yangu Barasa na wenzake walicheza karata tangu asubuhi, wakihama kila kivuli kilipohama. 'Njoo upumzike, mama,' alimwita bila kuinua macho. Mama alitabasamu, akatema mate viganjani, akaushika mpini tena. 'Kivuli changu hakijafika, mwanangu,' alisema."

Angalia yaliyotendeka. Kwanza, jua na kivuli vilivyo ndani ya methali vimekuwa vitu halisi ndani ya kisa. Pili, wahusika wawili wametofautishwa bila mwandishi kusema kwamba mmoja ana bidii na mwingine ni mvivu. Tatu, ipo tashbihi moja tu, nayo imetoka nyumbani kwa mhusika. Nne, maneno ya mama yanaahidi mwisho: msomaji anataka kukiona kivuli hicho kikifika.

Kumbuka kwamba methali hii ina pande mbili, kuchuma juani na kula kivulini. Insha itakayoeleza mateso ya mama pekee, bila kuonyesha matunda ya jasho lake, itakuwa imeshughulikia nusu ya swali na itapoteza alama za maudhui.

3.2 Insha ya mdokezo

Tuseme umetakiwa kumalizia kwa maneno haya: "...Nilipotazama nyuma, mto ulikuwa umerudi katika mkondo wake, lakini sisi hatukuwa wale wale tena."

Mdokezo umekupa mto, mafuriko yaliyopita na watu waliobadilika. Usikimbilie kueleza maji tu. Panga hivi:

Aya ya 1: Mto ukiwa mtulivu. Familia mbili jirani, moja kila ukingo, hazisalimiani kwa sababu ya mpaka wa shamba.
Aya ya 2: Dalili. Mvua ya siku tatu, rangi ya maji inabadilika, vyura wanahamia uani.
Aya ya 3 na 4: Usiku wa mafuriko. Mpaka uliozua ugomvi umefunikwa na maji. Hakuna anayejua lilipokuwa jiwe la mpaka.
Aya ya 5: Familia zote mbili juu ya kilima kimoja, sufuria moja, blanketi moja.
Aya ya 6: Maji yanapungua. Mzee wa familia moja anaokota jiwe la mpaka kwenye tope, analitazama, kisha analikabidhi kwa jirani yake.
Mwisho: Maneno uliyopewa, kama yalivyo, bila kubadilisha hata neno moja.

Hapa mto umefanya kazi zote tatu: umesababisha tukio, umeakisi uhusiano wa watu, na umekuwa ishara ya kitu kinachofuta mipaka.

4. JE, INSHA YA KIUAMILIFU?

Maumbile yana nafasi humo pia, lakini yanavaa nguo nyingine. Katika ripoti kuhusu mafuriko, mtahini anatarajia sura ya ripoti, mambo yaliyochunguzwa, matokeo na mapendekezo. Andika kwamba "maji yalifikia urefu wa madirisha na kuharibu vitabu vya maktaba", si kwamba "mto ulinguruma kama simba mwenye njaa". Katika hotuba kuhusu utunzaji wa mazingira, sitiari moja au mbili zitasaidia kugusa hadhira, kisha urudi kwenye hoja. Ukikosea sura ya utungo wa kiuamilifu, urembo wa lugha hautaokoa alama hizo.

5. MAKOSA YA KUEPUKA

(i) Mwanzo wa kukariri. Ukiweza kuuandika kabla ya kuliona swali, si wa swali hilo.

(ii) Kurundika tamathali. Tashbihi tatu katika sentensi moja huzimana. Chagua moja iliyo bora.

(iii) Kuchanganya majira na mahali. Theluji haiangukii Kakamega. Ikiwa kisa chako kinatokea kwenye kilele cha Mlima Kenya, hapo theluji ina haki yake.

(iv) Msamiati usioujua. Neno gumu lililotumiwa visivyo hugharimu kuliko neno rahisi lililokaa mahali pake.

(v) Kusahau wahusika. Ikiwa nusu ya insha ni mawingu, umeandika taarifa ya hali ya anga.

6. MAZOEZI

Zoezi la 1. Kwa siku saba, tenga dakika 10 kila siku. Toka nje, kisha uandike sentensi tano kuhusu kipengele kimoja: uliloliona, ulilolisikia, ulilolinusa, ulilolihisi kwenye ngozi, na lile lililokukumbusha jambo. Usitumie neno "nzuri" wala "kubwa". Mwisho wa wiki utakuwa na sentensi 35 ambazo hazimo katika daftari la mtu mwingine yeyote.

Zoezi la 2. Chagua methali moja kutoka sehemu ya 2. Taja pande zake, kisha uandike aya ya mwanzo ambamo kipengele cha maumbile kilicho ndani ya methali kinakuwa kitu halisi katika kisa.

Zoezi la 3. Andika aya moja kuhusu mvua kwa macho ya muuza mitumba aliyetandaza nguo kando ya barabara. Iandike upya kwa macho ya mfugaji aliyebakiwa na ng'ombe wawili. Mvua ni ile ile. Maneno yasiwe yale yale.

Zoezi la 4. Chukua insha yako ya zamani. Pigia mstari kila sentensi inayotaja jua, mvua, upepo au ardhi, kisha uipitishe kwenye kipimo cha sehemu ya 1.

7. SIKU YA MTIHANI

Una dakika 105. Tumia 5 kusoma maswali na kuchagua, 45 kwa kila insha, na 10 za mwisho kusahihisha hijai, alama za uakifishaji na upatanisho wa kisarufi. Ndani ya zile 45 za insha ya pili, toa 5 za kupanga. Jiulize maswali matatu: Kisa changu kinatokea wapi? Ni msimu gani? Maumbile ya hapo yatafanya kazi gani? Ukiyajibu, aya ya kwanza itakuwa imeanza kujiandika.

Wala usione aibu kwa sababu kwenu ni jangwani, matopeni au mtaani kwenye mabati. Mtahini hatuzi uzuri wa mahali. Hutuza maudhui, msamiati, mtindo na usahihi wa lugha, na hakuna mahali utakapoandika kwa usahihi zaidi ya pale ambapo miguu yako inapajua.